Kukunjua Kisichokunjulika: Historia ya Modeli za Karatasi na Suala la Millennium Falcon

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya uundaji wa modeli za karatasi kwa kurejelea chombo kimoja cha bunilizi ya kisayansi, Millennium Falcon, kilichoonekana kwa mara ya kwanza katika filamu ya Star Wars mwaka 1977. Hoja inayotetewa ni kwamba modeli ya karatasi ya chombo hicho si nakala hafifu ya modeli ya plastiki. Modeli iliyotumika mbele ya kamera ilijengwa kwa kujumlisha vipande vya vitu vingine, ilhali modeli ya karatasi hujengwa kwa kuukunjua uso mzima hadi uwe bapa. Tofauti hiyo humlazimu mbunifu wa karatasi kuamua mambo ambayo wajenzi wa kwanza hawakulazimika kuyaamua. Kwa hiyo, kiolezo chake ni tafsiri inayostahili kuhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya historia, na kupotea kwa violezo vya namna hiyo ni hasara kwa mtafiti.

1. Utangulizi

Karatasi ni malighafi ambayo historia ya teknolojia imezoea kuitazama kama kibebeo cha maandishi. Husomwa, huhifadhiwa, huchomwa. Ni nadra kutazamwa kama kitu cha kujengea. Hata hivyo, kwa takriban karne tano kumekuwepo watu waliochora juu ya karatasi bapa maumbo yenye urefu, upana na kina, kwa nia ya kuyakata, kuyakunja na kuyasimamisha. Miongoni mwa mazao ya karibuni ya mkondo huo ni modeli za vyombo vya angani ambavyo havijawahi kuruka popote, kwa kuwa vilibuniwa kwa ajili ya filamu.

Wanahistoria wa filamu huifuata modeli hadi mlangoni mwa karakana ya studio, kisha huiacha. Wanahistoria wa vitu vya kuchezea huanzia dukani, nao huhesabu kilichouzwa. Modeli ya karatasi iliyochorwa na mtu asiye mwajiriwa wa studio, ikatolewa bure na kuchapwa nyumbani kwa mtu mwingine, haionekani katika daftari la upande wowote. Haikupigwa picha na kamera ya filamu wala haikuingia katika mahesabu ya mauzo. Makala haya yanashughulikia pengo hilo.

Msingi wa kinadharia unatoka katika sura ya kwanza ya La Pensée sauvage ya Claude Lévi-Strauss (1962). Katika sura hiyo moja mwandishi anajadili mambo mawili ambayo wasomaji wake mara nyingi huyatenganisha. La kwanza ni fundi wa kuungaunga, yaani mtu anayejenga kwa vitu vilivyokwisha kutumika kwingine badala ya malighafi iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. La pili ni modeli iliyopunguzwa ukubwa, ambayo humpa mtazamaji uwezo wa kuijua jumla kabla ya kuzijua sehemu. Millennium Falcon inayakutanisha mambo hayo mawili mahali pamoja. Aidha, kama itakavyoonekana, modeli ya karatasi inalitia mashaka lile la pili.

2. Karatasi kabla ya chombo cha angani

Mwaka 1507 Martin Waldseemüller alitoa ramani ya dunia iliyochongwa juu ya mbao na kuchapwa katika vipande 12 vyembamba vyenye ncha mbili, mfano wa maganda ya chungwa yaliyomenywa kwa uangalifu, ili vibandikwe juu ya tufe. Vipande hivyo hukumbukwa kwa sababu vina jina la Amerika. Kwa mjadala huu umuhimu wake ni mwingine: ni miongoni mwa ushahidi wa mapema kwamba karatasi iliyochapwa ilikusudiwa kuvikwa umbo la duara, na kwamba mchapaji alijua fika kuwa haiwezi kulivaa bila kukatwakatwa.

Miaka 18 baadaye, Nuremberg, Albrecht Dürer alichapisha kitabu cha upimaji kiitwacho Underweysung der Messung. Humo alionyesha maumbo mango yenye nyuso bapa, mchemraba na mengineyo, yakiwa yamekunjuliwa na kulazwa juu ya ukurasa, kila uso ukiwa umeshikana na jirani yake kwa ukingo mmoja. Mchoro wa aina hiyo ndio babu wa kila kiolezo kinachojadiliwa hapa. Inashangaza kidogo kwamba swali lililojificha ndani yake halijajibiwa hadi leo. Je, kila umbo lenye nyuso bapa na lisilo na bonde popote linaweza kukunjuliwa kwa kukatwa kwenye kingo zake pekee, bila vipande kupandana? G. C. Shephard aliliweka swali hilo rasmi mwaka 1975, na wanahisabati bado wanalihangaikia.

Kwa upande wa nyuso zilizopinda, jibu lilipatikana mapema zaidi. Leonhard Euler, katika tasnifu iliyochapishwa mwaka 1772, alichunguza maumbo ambayo uso wake unaweza kulazwa bapa bila kuvutwa wala kukunjamana. Mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba kuna kiasi fulani cha mpindo ambacho hakibadiliki hata uso ukikunjwa namna gani, mradi tu hauvutwi. Karatasi bapa ina kiasi cha sifuri, mcheduara na koni vilevile vina sifuri, tufe halina. Kwa hiyo karatasi itakubali kuwa bomba au pia, lakini haitakubali kuwa mpira. Fundi bati anayekata mdomo wa birika au kifuniko cha taa ya kibatari anaifahamu kanuni hiyo kwa mikono yake, kwani bati jembamba halina tofauti na karatasi katika jambo hili, isipokuwa kwamba bati laweza kugongwa nyundo likanyooka kidogo.

Uchapaji wa kibiashara ulifuata. Jean-Charles Pellerin alianzisha kiwanda chake huko Épinal, Ufaransa, mwaka 1796, na katika karne ya 19 jina la mji huo likawa sawa na picha za bei nafuu, zikiwemo za kukata na kujenga. Huko Esslingen, Ujerumani, Jakob Ferdinand Schreiber alianzisha mwaka 1831 nyumba ya uchapishaji ambayo hatimaye ilisifika kwa majumba, ngome na meli za karatasi. Uchapaji wa jiwe, uliobuniwa na Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, ndio uliowezesha rangi kuingia katika karatasi hizo kwa gharama ambayo familia ya kawaida ya mjini iliimudu.

Karne ya 20 inaeleweka zaidi kwa kuangalia uhaba. Geoffrey Heighway alianza kuuza Micromodels nchini Uingereza mwaka 1941, vita ikiwa imepamba moto na chuma na mbao vikihitajika kwingine; modeli zake zilichapwa kwenye kadi zenye ukubwa wa postikadi. Mwaka 1957 gazeti la vijana la ABC lilianza kutoka Chekoslovakia, likabeba kurasa za modeli za kukata, na mwishoni mwa muongo huohuo Poland ikapata Mały Modelarz, jarida lililojaa meli, ndege na vifaru vya karatasi. Katika nchi ambamo seti za plastiki kutoka Magharibi zilikuwa adimu, kizazi kizima kilijifunza kusoma michoro ya kihandisi kwa mkasi.

Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba modeli ya karatasi ni mtoto wa dhiki. Maelezo hayo yanatosha kwa London ya mwaka 1941 na Warsaw ya miaka ya 1960. Hayatoshi kabisa kwa Japani ya mwanzoni mwa karne ya 21, nchi iliyokuwa na seti bora za plastiki kuliko nyingi duniani, na ambako ndiko violezo vingi tata vya vyombo vya bunilizi vilikochorwa. Lazima kuwe na sababu nyingine, nayo inapaswa kutafutwa katika chombo chenyewe.

3. Chombo kilichojengwa kwa vikorokoro

Industrial Light & Magic ilianzishwa mwaka 1975 katika ghala moja huko Van Nuys, California, ili kutengeneza picha za filamu moja tu ya George Lucas. Umbo la kwanza la chombo cha maharamia wa filamu hiyo lilikuwa refu na jembamba. Likaachwa baada ya kuonekana kwamba linafanana mno na chombo kiitwacho Eagle katika tamthilia ya televisheni ya Uingereza, Space: 1999, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1975. Umbo lile refu lilipewa kazi nyingine, likawa chombo cha waasi kinachofukuzwa katika dakika za mwanzo za filamu. Mahali pake Joe Johnston alichora sahani pana iliyobinuka juu na chini, yenye taya mbili mbele, na chumba cha rubani kikiwa kimening'inia upande wa kulia kana kwamba kilisahauliwa kisha kikapachikwa.

Modeli kuu ya mwaka 1977 ilikuwa na ukubwa wa takriban futi 5, yaani mita 1.5. Sehemu kubwa ya uso wake ilifunikwa kwa vipande vidogovidogo vilivyong'olewa katika seti za plastiki za madukani: vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia, magari ya mashindano, mizinga na kadhalika. Sanduku la seti lilinunuliwa, mwongozo wake ukatupwa, na sehemu zake zikabandikwa kwa kufuata jicho. Kiswahili kina neno lifaalo kabisa kwa vitu hivyo, nalo ni vikorokoro. Vikorokoro havina kazi. Mfuniko wa injini ya kifaru, ukigeuzwa juu chini na kupakwa rangi ya kijivu, haufunguki wala haufungi kitu. Unachofanya ni kukamata mwanga na kutoa kivuli, ili jicho liamini kwamba chombo ni kikubwa na kimechoka.

Hapa ndipo fundi wa kuungaunga wa Lévi-Strauss anapoonekana waziwazi. Wajenzi wa modeli hawakuanza na mpango wa mitambo ya chombo. Walianza na akiba ya vipande vilivyokuwapo mezani, na maana ikazuka kutokana na mpangilio. Ushahidi wa kutokuwepo kwa mpango ni kwamba Falcon haikubaliani na nafsi yake. Vyumba vya ndani vilivyojengwa kwa ajili ya waigizaji havienei ndani ya umbo la nje. Kwa filamu ya The Empire Strikes Back (1980) ilijengwa modeli nyingine yenye takriban sentimita 81, nyepesi zaidi, na maelezo ya uso wake yanatofautiana na ya ile ya kwanza. Vilevile, chombo cha ukubwa wa kusimama mtu kilijengwa Pembroke Dock, Wales, mwaka 1979, kikiwa na uzito wa zaidi ya tani 20, nacho kina uwiano wake. Kwa maneno mengine, hakuna Falcon moja. Kuna vitu kadhaa vilivyopigwa picha, na mtazamaji ndiye aliyeviunganisha.

4. Kuukunjua uso

Mbunifu wa kiolezo cha karatasi hana ruhusa ya kuacha mambo yakiwa yamechanganyika. Mjenzi wa studio aliweza kubandika kipande mahali kilipopendeza na kuendelea na kingine; mbunifu wa karatasi lazima aseme kila kipande kina nyuso ngapi, kila uso una urefu gani, na unashikana na nani. Kazi yake huanza kwa kuchagua ni Falcon ipi anayoijenga. Akichanganya ile ya mwaka 1977 na ile ya mwaka 1980, kingo hazitakutana, na kosa litajitokeza si kwa macho bali kwa gundi.

Suala la kwanza zito ni sahani yenyewe. Uso wake wa juu na wa chini umebinuka, na kwa kanuni ya Gauss hauwezi kulazwa bapa. Njia iliyozoeleka ni kuusoma mbinuko huo kama koni fupi sana iliyokatwa kilele, au kama koni kadhaa zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Hesabu yake inaonyesha jinsi kazi hii isivyosamehe. Tuseme sahani ina nusukipenyo cha sentimita 15 na mwinuko wa sentimita 2 tu. Urefu wa mteremko utakuwa takriban sentimita 15.13, na duara litakalokatwa kwenye karatasi litahitaji kuondolewa kabari ya digrii 3 na kidogo. Ukingoni, kabari hiyo ina upana wa takriban milimita 8. Ikikatwa milimita 6, sahani itakuwa tambarare mno na kuta za pembeni zitapwaya. Ikikatwa 10, itachongoka na taya za mbele hazitakaa sawa. Mustakabali wa chombo kizima umo katika milimita 2 za kabari.

Suala la pili ni unene. Hisabati ya Euler na Gauss huichukulia karatasi kama kitu kisicho na unene, lakini manila ina unene. Karatasi ya robo milimita ikizungushwa juu ya bomba, mzunguko wa bomba la nje utazidi ule wa ndani kwa milimita 1.5 hivi. Chumba cha rubani cha Falcon ni koni iliyokatwa, iliyoshikwa na ujia wenye umbo la mcheduara, na ndani yake hupita tabaka la pili lenye viti na vioo. Kiolezo kisichokadiria unene huo kitamfanya mjenzi adhani amekosea kukata, kumbe kosa ni la mchoraji.

Suala la tatu ni kiunzi. Sahani pana ya karatasi hulegea kwa unyevunyevu wa hewa na kwa uzito wa gundi. Kwa hiyo huwekewa ndani mbavu za kadibodi ya milimita 1 au 2 zilizopishana kwa mikato, mfano wa mataruma yanavyoungana na mkuku wa jahazi. Mbavu hizo hazionekani kazi ikikamilika, na hakuna filamu iliyowahi kuzionyesha. Ni sehemu ya Falcon iliyobuniwa na wachoraji wa violezo peke yao. Wajenzi wenye uzoefu huelekeza pia nyuzi za karatasi zifuate mhimili wa bomba, kwa kuwa karatasi hupinda kwa urahisi upande mmoja na kukunjamana upande wa pili. Mikunjo huchorwa kwanza kwa kalamu iliyokwisha wino, na kingo nyeupe zilizokatwa hupakwa kijivu kabla ya kubandikwa.

Baada ya hayo huja vikorokoro, na hapo ndipo hoja ya makala haya inapokazika. Ukuta wa pembeni wa sahani umeingia ndani kama mfereji, na umejazwa mabomba na visanduku. Ili kuvijenga kwa karatasi, mbunifu lazima atambue kila kimoja ni umbo gani. Wapenzi wa modeli za filamu wametumia miaka mingi kutambua kipande fulani kilitoka katika seti ipi ya kifaru. Mbunifu wa karatasi hufanya utambuzi wa pili, wa kukichambua kipande hicho hadi nyuso zake za msingi. Kile kilichobandikwa California kwa sekunde chache huchukua saa nzima kukunjuliwa. Kazi ya kuungaunga inasomwa kinyumenyume, na kila kikorokoro kisicho na kazi kinapewa sababu ya kuwepo, angalau ya kijiometria.

Lévi-Strauss alidai kwamba katika modeli ndogo jumla hufahamika kabla ya sehemu. Dai hilo ni la mtazamaji. Mjenzi wa karatasi huanza na kurasa za vipande vilivyopewa namba, vingi visivyofanana na chochote, na kwa siku nyingi hana mbele yake ila sehemu. Anaijua jumla kwa sababu aliiona sinema, lakini ujuzi huo haumsaidii kujua kipande cha namba 84 kinashika wapi. Nadharia ya modeli iliyopunguzwa inahitaji kumtenganisha anayetazama na anayejenga, jambo ambalo sura ile ya mwaka 1962, pamoja na ubora wake, haikulifanya kwa ukamilifu.

5. Mwanga uliochapwa

Violezo vya awali vya Star Wars vilikuwa vitabu vya watoto. Katika miaka iliyofuata filamu ya kwanza, Random House ya New York ilitoa vitabu vya kutoboa na kukunja ambamo vyombo vilirahisishwa mno. Mabadiliko yalikuja pale kompyuta ya nyumbani ilipoweza kuchora umbo la pande zote na printa ya rangi ilipoingia sebuleni. Nchini Japani, Tama Software ilitoa programu ya Pepakura Designer, ambayo jina lake ni mkato wa matamshi ya Kijapani ya maneno yenye maana ya sanaa ya karatasi. Programu hiyo huchukua umbo lililochorwa kwenye kompyuta, hulikata kwenye kingo na kulilaza. Mwaka 2004 Jun Mitani na Hiromasa Suzuki waliwasilisha katika kongamano la SIGGRAPH mbinu ya kuyakaribia maumbo yaliyopinda kwa kutumia mikanda inayokunjulika, ili karatasi ipinde badala ya kuvunjwavunjwa kuwa pembetatu ndogondogo. Nao wauzaji wa printa, Canon ikiwemo, waligawa violezo bure. Sababu si ngumu kuikisia, kwani wino hauuzwi bure.

Urahisi huo ulizaa mgawanyiko wa kimtazamo miongoni mwa wabunifu. Kundi moja lilichapa vikorokoro kama picha juu ya uso bapa, pamoja na vivuli vyake. Kundi jingine lilisisitiza kila kitu kijengwe. Mjadala huo si wa ladha tu. Kivuli kilichochapwa kina upande mmoja wa jua milele. Modeli ikiwekwa dirishani asubuhi, kivuli cha kweli na kivuli cha wino huenda vikakubaliana; jioni vitapingana, na jicho litatambua kwamba linatazama picha iliyokunjwa. Kwa kuwa vikorokoro viliwekwa na studio kwa lengo moja tu la kukamata mwanga, kuvichapa ni kuvinyang'anya kazi yao pekee. Hata hivyo, kuvijenga vyote kwa karatasi ya robo milimita kuna kikomo: bomba lenye kipenyo kisichofika milimita 2 halikunjiki vizuri, na mjenzi mkaidi huishia kutumia waya. Kazi zinazoheshimika zaidi ni zile zilizochagua, kila mahali, kipi kijengwe na kipi kichorwe. Uchaguzi huo ndio mtindo wa mbunifu, kama vile mwandiko ulivyo wa mwandishi.

6. Mwenye haki na mwenye mkasi

Violezo hivi vina hali tete kisheria. Lucas alibaki na haki za bidhaa za Star Wars katika mkataba wake na Twentieth Century-Fox, na mwaka 1979 Falcon ilikuwa tayari madukani kama kitu cha kuchezea cha Kenner na kama seti ya plastiki ya MPC. Disney ilipoinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 4, haki hizo zilikuwa sehemu kubwa ya thamani iliyolipiwa. Kwa sheria ya Marekani, haki ya kutoa kazi zinazotokana na kazi ya awali ni ya mwenye hakimiliki. Mchoraji wa kiolezo asiye na kibali, hata asipopata senti, yuko nje ya mlango.

Uingereza ilitoa jibu lenye utata zaidi. Katika kesi ya Lucasfilm dhidi ya Ainsworth, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Julai 2011 kwamba kofia ngumu ya askari wa filamu haikuwa sanamu kwa maana ya sheria, bali kifaa kilichotumika katika mchakato wa kutengeneza filamu. Uamuzi huo ulihusu kofia, wala haupaswi kunyooshwa hadi kwenye vyombo vya angani bila uangalifu. Unaonyesha hata hivyo kwamba kitu kilichoundwa kwa ajili ya kamera huwa na hadhi isiyo thabiti kinapotoka studioni. Kiolezo cha karatasi huongeza utata, kwa maana ni mchoro bapa, na mchoro ni kazi ya sanaa. Ndani yake umo umbo la mwenye haki pamoja na mamia ya maamuzi ya mtu mwingine kuhusu mahali pa kukata. Sheria inamwona wa kwanza. Historia inawajibika kumwona wa pili pia.

7. Kiolezo kama chanzo na kutoweka kwake

Hali hiyo ya kisheria imeamua jinsi vyanzo vilivyohifadhiwa, au tuseme jinsi visivyohifadhiwa. Kiolezo kisicho na mchapishaji hakiwekwi katika maktaba ya taifa, hakina namba ya kitabu, na mara nyingi mchoraji hutumia jina la kubuni. Makao yake yalikuwa kurasa binafsi za intaneti zilizotolewa bure na makampuni. Huduma ya GeoCities ilifungwa mwaka 2009, na tawi lake la Japani likafungwa mwezi Machi 2019. Kundi la wahifadhi wa kujitolea, Archive Team, liliokoa sehemu ya ile ya kwanza. Kilichobaki kwa kawaida ni picha za modeli zilizokamilika, ambazo kwa mtafiti zina thamani ndogo: picha inaonyesha kwamba sahani ilisimama, haionyeshi kabari ilikatwa wapi. Nazo modeli zenyewe hazidumu. Wino wa printa za nyumbani hupauka kwa jua, karatasi yenye asidi hugeuka manjano, na gundi nyeupe hukauka hadi kiungo kikaachia.

Mtafiti anayekipata kiolezo kizima anapaswa kukisoma kwa vipimo kabla ya kukisoma kwa picha. Violezo vya Kijapani na vya Ulaya huchorwa kwa ukurasa wa A4, wenye milimita 210 kwa 297. Ukurasa unaotumika Marekani una milimita 216 kwa 279. Kiolezo cha A4 kikichapwa huko kwa kuamuru printa ikienezе ukurasani, vipande vyote hupungua kwa takriban asilimia 6. Vinapungua pamoja, kwa hiyo kingo bado zinakutana na sahani inafungika. Manila peke yake haipungui. Mikato ya mbavu iliyochorwa kupokea kadibodi ya milimita 1 inakuwa myembamba kuliko kadibodi yenyewe, na tabaka la ndani la chumba cha rubani linagoma kuingia katika la nje. Nakala zilizojengwa namna hiyo hutambulika kwa mikato iliyopanuliwa kwa wembe na kwa mshono wa pili nyuma ya chumba cha rubani, mahali mjenzi alipolazimika kukata utepe mwembamba ili tabaka la ndani lipite.